Kuuza korosho mnadani bila kupunjwa: mwongozo kwa mkulima na kiongozi wa AMCOS, Mtwara na Lindi

Soko la korosho ghafi Kusini lina wauzaji maelfu na wanunuzi wa kuhesabika. Mzigo wenyewe, sehemu kubwa, unaishia nchi mbili tu: India na Vietnam. Soko la namna hiyo likiachwa lilivyo, bei anaipanga mnunuzi. Mkulima mmoja akigoma, jirani yake anauza, na mnunuzi hapungukiwi kitu. Stakabadhi ghalani, mfumo ulioingia kwenye korosho msimu wa 2007/2008, ulikuja kugeuza mambo: badala ya mnunuzi kumfuata mkulima mmoja mmoja barazani kwake, mzigo wa wakulima wengi unakaa pamoja ghalani na wanunuzi ndio wanaoshindana juu yake.

Mfumo huo una milango miwili. Mlango wa mbele ni mnada, na hapo ushindani upo. Mlango wa nyuma ni chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, yaani AMCOS, na hapo ushindani haupo, kwa sababu kwa kawaida kijijini ghala la AMCOS ni hilo hilo na mzigo halali hauna njia nyingine. Palipo na ushindani, mnunuzi mmoja anamchunga mwenzake. Pasipo na ushindani, kinachomlinda mkulima ni mizani, karatasi na mkutano mkuu. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi mlango wa nyuma.

Nani anasimamia nini

Bodi ya Korosho Tanzania, yenye makao yake Mtwara mjini, inasimamia zao lenyewe: usajili, leseni za wanunuzi, ubora na mwongozo wa mauzo wa kila msimu. Nguvu yake inatoka kwenye Sheria ya Tasnia ya Korosho Na. 18 ya 2009. Maghala na stakabadhi ziko chini ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, kwa Sheria Na. 10 ya 2005. AMCOS na vyama vikuu, yaani TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani, viko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa Sheria Na. 6 ya 2013. Mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Wanunuzi wakipanga bei kwa siri, hilo ni la Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Orodha hii ishike vizuri. Malalamiko mengi yanakufa kwa sababu yamepelekwa ofisi isiyohusika: kesi ya mizani inapelekwa kwa afisa kilimo, ya makato inapelekwa polisi, na msimu unakwisha watu wakizungushwa.

Kabla ya msimu: jina, akaunti na deni

Malipo ya korosho yanapita benki. Jina lililo kwenye daftari la AMCOS, lililo benki na lililo kwenye kitambulisho cha NIDA lazima yafanane herufi kwa herufi. Kwetu Kusini Muhamedi, Mohamedi na Mohammed ni mtu mmoja akiwa barazani, lakini kwenye orodha ya malipo ni watu watatu, na fedha itarudi ilikotoka. Agosti nenda benki, weka au toa hata shilingi elfu tano uone kama akaunti haijalala. Anayelipwa kupitia akaunti ya mtoto au ndugu aandikishe makubaliano hayo AMCOS mapema. Ugomvi wa namna hii ukizuka Novemba, foleni ikiwa ndefu, hakuna anayepata nafasi ya kukusikiliza.

Kubwa zaidi ni kangomba. Kangomba ni kununua korosho nje ya mfumo, mara nyingi kwa bakuli au kopo badala ya mizani, na mara nyingi korosho ikiwa bado ua mtini. Kwenye ufuta, hasa upande wa Lindi, watu wanasema chomachoma. Ni kosa kisheria, lakini sababu ya kuikwepa iko kwenye hesabu yenyewe. Tuseme Julai umechukua 100,000 kwa ahadi ya "kilo" mia moja, na bakuli lake linabeba kilo moja na robo. Oktoba unatoa kilo 125. Kama mnada umelipa 3,000 na makato ni 250, kilo hizo zingekuletea 343,750. Umekopa laki moja na kulipa laki tatu na nusu kasoro kidogo, ndani ya miezi minne. Hakuna benki wala kikoba kinachotoza hivyo. Ukibanwa na ada ya shule au palizi, uza kuku, uza mbaazi, kopa kwenye kikundi kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Hata riba hiyo kali, kwa miezi minne, ni 40,000. Kangomba hapo juu imekula zaidi ya 243,000.

Kukausha: hapa ndipo bei inapotengenezwa

Okota korosho iliyoanguka yenyewe. Ukitikisa mti au kuchuma mabibo mabichi, unaingiza punje ambazo kiini chake hakijajaa. Ng'oa bibo siku hiyo hiyo. Likioza na korosho ikiwa imeshika, ganda linapata madoa na unyevu unaingia.

Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si mchangani. Tabaka lisizidi upana wa kiganja, geuza mara kadhaa kwa siku, jua kali siku mbili hadi tatu. Jioni kusanya na kufunika, kwa maana umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya mchana mzima. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 10. Bila kipima unyevu, jaribu hivi: bonyeza ganda kwa ukucha, lisiache alama; tikisa kiganjani, zilie kwa mlio mkavu; pasua moja, kiini kivunjike na kisipinde.

Wapo wanaoleta korosho mbichi kusudi wapate kilo. Tufanye hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 13 zikikaushwa hadi asilimia 9 zinabaki kilo 95.6. Kwa hiyo aliyeleta mbichi "amepata" kilo nne na ushee. Lakini kilo hizo zinayeyukia ghalani. Mzigo wa AMCOS ukifika ghala kuu unapimwa upya, upungufu unaonekana, na pengo linagawanywa kwa wote kwa jina la unyaufu. Mbaya zaidi, mzigo unauzwa kwa mafungu. Gunia moja bichi ndani ya fungu linazaa ukungu kwa majirani zake, na mnunuzi anapanga bei ya fungu zima kwa kuangalia lile baya. Karani akikataa gunia bichi analinda fedha ya kijiji kizima, hata kama mwenye gunia ni shemeji yake. Wanachama wamuunge mkono hadharani.

Pima ubora mwenyewe kabla mnunuzi hajapima

Mnunuzi halipii ganda. Analipia kiini, na kiwango chake hukitaja kwa paundi za kiini zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80. Kipimo hiki AMCOS inaweza kukifanya yenyewe, kwa kisu cha kupasulia, mizani ndogo ya gramu na saa moja ya kazi:

1. Chukua konzi kutoka magunia mbalimbali, juu, katikati na chini, changanya, kisha pima kilo moja kamili.
2. Hesabu punje. Zikiwa 180 hadi 210 hivi, korosho ni nene. Zikipita sana hapo, ni ndogo na kiini kitakuwa kidogo.
3. Pasua zote. Tenga viini vizima safi, vyenye madoa au vilivyosinyaa kidogo, na vilivyooza, vyenye ukungu, vilivyotobolewa na wadudu au vitupu.
4. Pima makundi mawili ya kwanza. La kwanza lihesabu lote, la pili nusu, la tatu sifuri.
5. Jumla ya gramu zidisha kwa 0.1764. Jibu ni paundi kwa gunia.

Mfano: viini safi gramu 270, vyenye madoa gramu 20, nusu yake 10, jumla 280. Zidisha, unapata paundi 49.4. Kijiji jirani kimepata gramu 250, yaani paundi 44.1. Pengo la paundi tano ni sawa na kilo mbili na robo za kiini kwa kila gunia, na kiini ndicho anachouza mbanguaji. Kama fungu lako ni la 49 na limewekwa pamoja na la 44, umemzawadia jirani. Dai mafungu yatengwe kwa daraja, na matokeo ya kipimo yaandikwe na kubandikwa kabla ya mnada. Kiongozi anayekwenda mnadani bila namba hii mkononi anapokea maneno ya mnunuzi kuhusu mzigo wake mwenyewe.

Siku ya kupima mzigo

Mizani iwe na alama au stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Isimame sakafu tambarare. Kabla gunia halijapanda isome sifuri. Njia rahisi ya kuijaribu ni kuwa na kitu ambacho uzito wake unajulikana: mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha kukuonyesha kama mizani imepotoka vibaya. Uupime ukiwa juu, kisha ukiwa pembeni ya sahani ya mizani. Namba zikitofautiana, mizani ina tatizo.

Uzito wa gunia tupu la katani ni kama kilo moja, na hupunguzwa. Ni halali. Kinachokula mkulima ni kupunguziwa mbili "ili iwe duara". Mwenye magunia 12 akipunguziwa kilo moja ya ziada kila gunia, kwa bei ya 3,000 ameacha 36,000 pale ghalani. Simama pale anaposoma karani, soma nawe kwa sauti, na uandike kwenye daftari lako.

Usiondoke bila stakabadhi yenye jina kamili, tarehe, idadi ya magunia, kilo halisi, daraja, namba ya AMCOS na sahihi. Kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la shule si stakabadhi. Piga picha kwa simu papo hapo, tuma kwa mtu wa nyumbani. Stakabadhi ndiyo umiliki wako: mzigo ukiungua, ukiibwa au ukipotea njiani, mwendesha ghala anawajibika kwa kile kilichoandikwa humo tu.

Mnadani: kusoma bei na kujua lini pa kukataa

Wanunuzi wanaweka bei na kiasi wanachotaka bila mmoja kuiona ya mwenzake. Mwenye bei ya juu anachukua kwanza, halafu anayefuata, mpaka mzigo uishe. Ndiyo maana mnatangaziwa bei ya juu na bei ya chini. Mkulima mwenye mzigo uliochukuliwa na wa chini hulalamika kwamba jirani kalipwa zaidi. Mara nyingi si wizi, ni fungu lake lililoangukia huko. La kuuliza ni kwa nini fungu letu liliangukia huko, na jibu huwa ni ubora, umbali wa ghala au udogo wa fungu. Fungu la tani nne lisilojaza lori moja humgharimu mnunuzi safari nzima. AMCOS ndogo zilizo jirani zikipeleka ghala moja, mafungu yao yanavutia wanunuzi zaidi.

Kabla ya mnada mwe na bei yenu ya kulinganisha. Inatafutwa hivi, kwa namba za mfano. Tuseme tani moja bandarini inauzwa nje kwa dola 1,500 na dola ni shilingi 2,500: hiyo ni 3,750 kwa kilo. Toa ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, ambao ni asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Hapa asilimia 15 ni dola 225, sawa na 562 kwa kilo. Inabaki 3,188. Toa magunia, usafiri, bandari, riba ya mnunuzi na faida yake, tuseme 400. Inabaki karibu 2,790. Mnada ukitoa 2,700, mko sokoni. Ukitoa 2,100, kuna swali la kuuliza. Ushuru huo analipa msafirishaji dirishani, lakini kwa kuwa wanunuzi ni wachache na bei ya nje hawaipangi wao, unarudi nyuma mpaka kwenye bei ya mkulima. Uliwekwa ili korosho ibanguliwe nchini. Faida yake kwa mkulima itaonekana viwanda vya kubangua vikiwa vingi vya kutosha kushindana na msafirishaji kwenye mnada huo huo.

Wakulima wana haki ya kukataa bei, lakini haki hiyo ina msimu. Korosho yetu inatoka Oktoba hadi Januari, wakati Afrika Magharibi, India na Vietnam bado hazijavuna. Viwanda vya huko vinahitaji mzigo na sisi ndio tulio nao. Ikifika Februari mavuno yao yanaanza kuingia, na nguvu yetu inapungua kila wiki. Kukataa mnada wa pili wa Oktoba ni mkakati. Kukataa Januari, mvua zikiwa zimeanza na unyevu ghalani unapanda, ni bahati nasibu. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada; Novemba Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo ya daraja la kwanza. Msipange kwa kutegemea hilo litokee tena.

Mbaazi inafundisha upande wa pili. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuagiza mbaazi, na bei ikaanguka huku kwetu ndani ya msimu mmoja. Mnada mzuri hauwezi kuokoa zao lenye mteja mmoja aliyefunga mlango. Unaweza tu kuhakikisha kwamba bei iliyopo duniani inakufikia.

Dalili za wanunuzi kupanga bei

Bei kushuka peke yake si ushahidi. Kuelekea Desemba ubora hushuka kwa mvua, na bei hufuata. Angalia haya yakija kwa pamoja: makampuni yale yale yanapokezana kushinda, leo huyu kesho yule, kila moja kwa wilaya yake, bei zinapishana shilingi tano tano kama ngazi, aliyeshinda anajitoa na mzigo unachukuliwa na wa pili kwa bei ya chini, aliyeshindwa Jumamosi anaonekana Jumatatu akipakia mzigo wa mshindi, bei zinaanguka wiki ambayo soko la nje halijatikisika.

Weka jedwali la kila mnada: tarehe, ghala, tani, jina la kila mnunuzi, bei yake, aliyeshinda, aliyelipa kweli. Minada sita ikionyesha mtindo ule ule, barua iende Tume ya Ushindani na nakala kwa Bodi ya Korosho, jedwali likiwa limeambatishwa. Kupanga bei za zabuni ni kosa kwenye Sheria ya Ushindani hata kama bei yenyewe inaonekana nzuri. Usimtaje mtu kwa uvumi mkutanoni. Kwanza unamwonya mhusika, pili unajitafutia kesi.

Makato na malipo

Ukisikia bei ya mnada, hiyo si bei yako. Hutolewa fedha ya AMCOS, ya chama kikuu, ya usafiri hadi ghala kuu, ya ghala na mengineyo yaliyotajwa kwenye mwongozo wa msimu. Ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara, asilimia 3, kisheria ni wa mnunuzi. Ukiukuta kwenye orodha ya makato ya mkulima, uliza kifungu.

Kila kato lipitie maswali matatu: liko kwenye mwongozo wa msimu au lilipitishwa na mkutano mkuu? Muhtasari wa mkutano huo uko wapi? Kazi yake imefanyika? Kato la usafiri kwa AMCOS ambayo ghala kuu liko mita mia mbili linahitaji maelezo. Orodha ya makato ibandikwe ubaoni kabla ya gunia la kwanza kupokelewa, si baada ya malipo. Aprili 2013 Liwale iliwaka moto kwa sababu ya malipo ya korosho yaliyokuja pungufu ya yaliyotarajiwa. Karatasi ubaoni ni kinga nafuu.

Fedha ikiingia, zidisha kilo zako kwa bei ya fungu lako, toa makato, linganisha. Ikipungua, andika barua kwa bodi ya AMCOS ukiambatisha picha ya stakabadhi, na wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Bila jibu ndani ya wiki mbili, nakala hiyo ipeleke kwa afisa ushirika wa wilaya, kisha kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa. Panaponuka rushwa, nenda TAKUKURU. Wanachama wana haki pia ya kusomewa ripoti ya ukaguzi ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, kwenye mkutano mkuu. Anayesema ripoti "ipo ofisini" aombwe aisome hapo hapo, ukurasa wa unyaufu kwanza.

Stakabadhi za msimu zitunzwe kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mchwa, mpaka ripoti ya ukaguzi ya msimu huo isomwe na kupitishwa.